Mshairi Aliyekosa Mtani

Pasaka iliyopita tulikutana nyumbani kwa Naomi, Lushoto, watu saba kati ya tisa tuliosoma pamoja fasihi ya Kiingereza kidato cha tatu, sasa wote ni watu wa miwani na vidonge vya presha. Naomi alipika makande, akakata maparachichi makubwa kama vichwa vya watoto, tukala mpaka tukaegemea ukuta. Ndipo akaanza kuwasimulia wajukuu zake, kama anavyosimulia kila mwaka, jinsi mimi nilivyomlilia Mwalimu Shemboza hadi akanionea huruma asituache. Wajukuu wakanitazama kwa upole, kama mtu aliyewahi kuugua vibaya akapona. Pale sikubisha, maana mdomo ulikuwa umejaa parachichi. Lakini sikulia. Ninalo daftari la mwaka ule, lile la jalada gumu tuliloliita kaunta buku, na siku ile imeandikwa humo yote. Wakati ule nilikuwa msichana wa kunyamaza. Leo si hivyo, waulizeni watu wa kata yangu niliowaongozea vikao kwa miaka kumi na moja. Kwa hiyo naandika, ili angalau mahali pamoja hadithi hii ikae sawa.

Shule yetu ilikuwa ya wazazi, madarasa manne ya bati juu ya mji, kwenye njia ya kwenda Magamba, ambako asubuhi ya mwezi wa saba ukungu huingia darasani ukakaa kama mwanafunzi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Juzi tu tulikuwa tukipanga foleni ya kipande cha sabuni, na sasa maduka ya Lushoto yalikuwa na sabuni za rangi tatu, mitumba ilitandazwa chini siku ya gulio, na kila mtu mwenye mdomo alikuwa na biashara. Walimu nao walikuwa na midomo. Wa jiografia aliacha chaki akaenda kuuza makoti ya Ulaya. Wa baiolojia akafungua duka la dawa. Malori yalipakia kabichi, karoti na matunda damu kila Alhamisi kuteremka Dar es Salaam, na tulijifunza kusikiliza honi zao tukiwa darasani, tukijiuliza leo wamempakia mwalimu gani.

Mwalimu Shemboza hakuondoka. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene kuliko kifua chake, na alitufundisha fasihi kwa kitabu kimoja tu, watu tisa. Kilikuwa kitabu cha mshairi wa Kiingereza aliyeishi enzi za Malkia Viktoria. Jina lake lilitushinda ulimi siku ya kwanza, na kwa kuwa picha ya mbele ilimwonyesha ana ndevu zilizofika kwenye vifungo, tukamwita Mzee Ndevu, na Mzee Ndevu akabaki hadi leo. Kitabu nilikitunza mimi. Mwandiko wangu ulisomeka, basi kazi yangu ikawa kunakili beti ubaoni kabla ya kipindi. Ilinifaa sana kazi hiyo, kwa sababu anayeandika ubaoni huwapa watu mgongo. Katika daftari langu la mwezi wa kwanza kuna mstari unaosema: “Leo nimeulizwa swali. Nilijua jibu. Nikasema sijui, maana sijui ni neno fupi.”

Siku alipotusomea majina kwa mara ya kwanza, Mwalimu Shemboza alifika kwangu akanyanyua kichwa. “Hawa. Wewe ni wa ukoo gani?” Nikautaja chini chini. Akaweka kalamu mezani. “Basi nimekwisha. Darasa zima, mnamwona huyu binti mpole? Huyu ni mtani wangu. Babu zake na babu zangu walitukanana tangu milima hii haijapata barabara. Siku nikifa huyu ndiye atakayevaa suruali yangu msibani awachekeshe watu.” Wakacheka, nami nikatamani sakafu inimeze. Kila mtu wa kwetu anajua mtani ni nani: ndiye mtu wa ukoo mwingine mwenye haki ya kukutania mkiwa wazima, na wajibu wa kukutania ukifiwa. Anavaa nguo za marehemu, anaiga sauti yake, anawatukana waliao, na haachi mpaka alipwe. Akishalipwa, watu wanajua sasa inaruhusiwa kula na kucheka. Tangu siku ile, Mwalimu aliponikuta uwanjani alisema, “Mtani, leo tena umeuacha ulimi nyumbani?” nami nikajibu, “Shikamoo Mwalimu,” nikakimbia. Utani ni kurushiana. Yeye alirusha muhula mzima, na kila alichokirusha kilianguka chini.

Maisha ya Mzee Ndevu tulifundishwa kabla ya mashairi yake. Mwalimu alisema mshairi huyu alizaliwa katika nyumba yenye watoto wengi, baba yao akiwa mchungaji.

“Wa Kilutheri?” akauliza Naomi, aliyekuwa Mlutheri mwenye wivu.

“Wa Kianglikana.”

“Aa.”

Akasema alikuwa mwoga wa watu, haoni mbali, lakini akianza kughani mashairi yake mbele ya wageni haachi hata chakula kikipoa. Nilipenda jambo hilo nikaliandika. Chuoni alipata rafiki aliyempenda kuliko ndugu, na rafiki huyo akamchumbia dada wa mshairi.

“Kwa hiyo akawa shemeji,” akasema Naomi.

“Alikuwa karibu kuwa. Kabla ya harusi alisafiri nchi ya mbali, akafa ghafla, kijana kabisa. Mshairi akaanza kumwandikia maombolezo. Akaandika, akaandika, miaka zaidi ya kumi na tano. Alipoyatoa, hakuweka hata jina lake. Uingereza nzima ikalia naye. Malkia mwenyewe, alipofiwa na mumewe, alikiweka kitabu hicho karibu.”

Nyuma mtu mmoja akasema kwa masikitiko ya kweli, “Miaka kumi na tano, Mwalimu? Matanga ya miaka kumi na tano? Hao majirani walikuwa wanakula wapi?”

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kusoma shairi Lushoto na kulisoma kwao. Leo nimeshasoma maelezo ya wataalamu, yanazungumza juu ya imani na shaka na sayansi mpya ya enzi zile, na yote ni kweli. Lakini sisi tulilisoma kama watu wa misiba. Tulitaka kujua nani alipika, nani alichimba kaburi, nani alimwambia inatosha. Na naamini mpaka sasa kwamba maswali yetu hayakuwa ya kijinga.

Mwalimu Shemboza aliishi nyumba ya walimu pamoja na Mwalimu Singano wa hisabati, mtu mfupi, mpana, aliyetoka Bungu. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, lakini jiko lilikuwa moja, na walipika kwa zamu. Nilikuwa napeleka kitabu pale kila Ijumaa jioni. Mlango wa jiko ulitazama bustani ya kabichi, na mimi, badala ya kupiga hodi, nilikuwa nasimama nje nikisubiri wanione. Ndivyo nilivyosikia mengi. Ijumaa moja Mwalimu Singano alikuwa akimenya viazi juu ya karai, na Mwalimu Shemboza akikoroga mboga ya mnavu huku anaghani kwa Kiingereza.

“Mbuya,” akasema Singano, yaani rafiki, “unaunguza.”

“Subiri, nafika mwisho wa ubeti.”

“Ubeti hauliwi. Huyu mzee wako bado analia?”

“Bado.”

“Mwaka wa ngapi sasa?”

“Hapa? Labda wa tatu.”

“Shamba analima nani?”

“Hakuwa na shamba.”

“Ndiyo maana.” Kiazi kikaanguka majini. “Shemeji yako amepita tena leo. Anasema lori liko tayari, anataka mtu wa kuandika na kuhesabu, anayejua Kiingereza cha mahoteli. Nenda. Mimi nitabaki na hesabu zangu, na hao watoto tisa nitawafundisha hilo shairi.”

“Wewe? Utawafundisha nini?”

“Nitawaambia: jamani, huyu bwana alifiwa akashindwa kujumlisha. Kipindi kimekwisha.”

Mwalimu Shemboza akacheka hadi mwiko ukatoka chunguni. “Siendi popote,” akasema. “Nikienda, nani atakuunguzia mboga?” Ndipo wakaniona. Wakanipa kiazi cha moto, nikaondoka nacho nikikirusha mkono huu na huu, na nakumbuka niliwaza kwamba nikiwa mkubwa nataka jiko lenye mazungumzo kama yale.

Mwezi wa tatu tulifanya jaribio. Swali la nne liliuliza kwa nini mshairi alichukua muda mrefu hivyo kumaliza maombolezo. Wenzangu waliandika kwamba alimpenda sana rafiki yake, au kwamba shairi lilikuwa refu. Mimi nilikaa na swali lile mpaka dakika za mwisho, halafu nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuchechemea kwamba mshairi alikosa mtani. Nilieleza kuwa kwao, inavyoonekana, mtu akifiwa kila anayemjia humjia na huruma, na huruma haina mwisho, inazaa huruma. Hakuna anayekuja kumcheka marehemu. Hakuna anayelipwa aondoke. Kwa hiyo ilimbidi afanye mwenyewe kazi ya mtani, tena kwa kalamu, na kazi hiyo mtu hawezi kujifanyia. Ndiyo maana ikachukua miaka.

Mwalimu alisoma jibu lile mbele ya darasa bila kutaja jina, lakini masikio yangu yalinitaja. Akamaliza, akavua miwani. “Msahihishaji wa mtihani wa taifa hatajua mtani ni nini,” akasema. “Atakata. Kwa hiyo nami nimekata, ili mzoee.” Akageuza karatasi. “Lakini mimi nimelifundisha shairi hili miaka minane, na leo ndiyo nimelielewa.” Jioni ile, uwanjani, Mwalimu Singano alinisimamisha akanipa mkono kama mtu mzima. Alitingisha kichwa tu, anacheka peke yake.

Mwezi wa nne, likizo ya masika, Mwalimu Singano alikwenda kwao Bungu akiwa mzima, akashikwa na homa, na siku ya tano akafa. Habari ililetwa na mtu aliyeshuka kwenye basi la mwisho kupita. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na chini ya Soni kifusi kilikuwa kimeifunga barabara ya kuteremkia Mombo. Mwalimu Shemboza alishuka kwa miguu, akavuka tope, akalala njiani, akapanda tena milima ya upande wa pili, akafika Bungu siku moja baada ya maziko. Alikuta kaburi limeshafukiwa. Watani walikuwa wameshafanya kazi yao, wameshalipwa, wameondoka. Ndugu wa marehemu walikuwa wanakula. Wakampa sahani, na wote walioniambia habari hii waliniambia jambo lilelile: kwamba aliishika ile sahani mpaka ikapoa.

Shule ilipofunguliwa alikuja darasani, lakini hakuja yeye. Alitupa kazi ya kunakili. Shairi lilikuwa limebaki sehemu arobaini na kitu, nasi tuliganda pale pale tulipoliacha kabla ya likizo. Nikiandika ubaoni alikuwa akitazama dirishani. Kengele ikilia aliondoka bila kitabu. Halafu siku nyingine hakuja kabisa. Mwezi wa sita Mkuu wa Shule aliingia darasani mwenyewe, akasimama karibu na mlango kama mtu asiyetaka kukaa. Alisema Mwalimu Shemboza ameomba kuacha kazi, ataondoka na lori Alhamisi, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine wa fasihi Lushoto nzima atakayekubali kuja kwetu, somo litafutwa. “Mtafanya mtihani wa masomo mengine,” akasema. “Si mwisho wa dunia.”

Niseme wazi kilichonipata. Katika hisabati nilikuwa mtu wa ishirini na tano, katika kemia sikuwa mtu hata kidogo. Fasihi ndiyo iliyokuwa sehemu pekee ambako mtu aliwahi kusimama akasema kwamba mimi nimemfanya aelewe. Likifutwa hilo, nilijua nitarudi kuwa mgongo ulioelekea darasa. Lakini si kwa ajili yangu tu. Nilimwona Mwalimu akipita sokoni, watu wakimpa pole, naye akisema “nimepoa, nimepoa,” na kila pole ilikuwa inamwinamisha zaidi. Lile nililoliandika kwenye jaribio lilikuwa linatembea mbele yangu na viatu.

“Basi kazi ni yako,” akasema Naomi.

“Kazi gani?”

“Usijifanye. Wewe ni mtani wake au si mtani wake?”

“Yule ni mwalimu wangu, Naomi.”

“Mwalimu alikuwa kabla ya masika. Sasa ni mfiwa.”

Jumamosi nilikwenda nyumbani nikamweleza bibi yangu, nikitumaini atanikataza. Alikuwa anachambua maharage. Aliniuliza mfiwa ni wa ukoo gani, nikamjibu. Akaniuliza kama watu wetu walikwenda kumtania, nikasema hapana, maana si nduguye aliyekufa, ni rafiki. Bibi akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. “Aliyelala kwenye mkeka wa matanga ni nani?” akasema. “Si yeye? Basi huyo ndiye mfiwa. Nenda.” Nikamwambia sijui niombeje ruhusa. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. “Mtani haombi ruhusa. Akiomba, huyo ni mgeni. Na usimwamkie. Ukimwamkia tu, umekwisha.”

Jumanne saa kumi alasiri tulikwenda, mimi na Naomi. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa anapanga vitabu kwenye boksi la sabuni, na nyuma yake, kwenye msumari, lilining’inia koti la kahawia la Mwalimu Singano, lile aliloingia nalo darasani asubuhi za baridi. Hakuwa amelipeleka Bungu. Hakuwa amelitoa hata pale msumarini, tangu masika.

“Shikamoo Mwalimu,” akasema Naomi.

“Marahaba.” Akanigeukia, akasubiri. Sikusema neno. Katika miaka kumi na sita ya maisha yangu sikuwahi kumpita mtu mzima bila kumwamkia, na shikamoo ilikuwa tayari ulimini. “Na wewe?” akauliza.

Nilimpita. Nililitoa koti msumarini nikalivaa. Lilinifika magotini, mikono ikameza vidole vyangu, na lilikuwa zito kwa namna ambayo nguo haiwi nzito. Mfukoni mlikuwa na kipande cha chaki. Nikageukia mlango wa jiko, nikachora mstari, nikakohoa kile kikohozi cha Mwalimu Singano cha mara mbili kabla ya kufundisha, na nilipofungua mdomo ikatoka sauti ambayo mimi mwenyewe sikujua ninayo.

“Sasa jamani, tufikiri kama watu wenye akili. Mwingereza mmoja amemlilia rafiki yake miaka kumi na tano. Msambaa mmoja amemlilia rafiki yake miezi miwili. Mwingereza anatunzwa na malkia. Msambaa ana kabichi. Nani atakufa kwanza? Wewe wa nyuma, Shemboza, simama.”

Hakusimama. Aliendelea kupanga vitabu.

“Hajui. Jibu ni mimi. Mimi nimeshakufa. Nimekufa na njaa, kwa sababu huyu bwana ameniunguzia mboga kila zamu yake kwa miaka saba, na nilipopata nafasi ya kwenda kula kwa mama yangu, nikazidisha. Halafu akachelewa maziko. Nimelala pale nasema, mngojeni mwalimu wa fasihi, hajafika mwisho wa ubeti.”

“Hawa,” akasema taratibu, “vua hilo koti.”

“Na sasa anakwenda Dar es Salaam kuzighania kabichi. Nendeni mkazione zile kabichi. Zinalia. Zinasema, afadhali sufuria.”

“Nimesema vua.”

“Sivui,” nikasema, na hiyo ilikuwa sauti yangu. “Nilipe kwanza.”

Kila mtu wa milimani anajua kwamba neno hilo likishasemwa halirudishwi, na Mwalimu Shemboza alikuwa mtu wa milimani kabla hajawa mtu wa Kiingereza. Alikaa juu ya boksi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na hapa daftari langu linasema kwa unyofu: “Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.” Naomi, aliyekuwa mlangoni na kanga mdomoni, yeye alikuwa analia wazi wazi, kwa kwikwi. Sehemu hiyo haisimulii Pasaka.

“Nikulipe nini, mtani?” akauliza alipopata pumzi.

“Shairi. Sehemu zote zilizobaki, mpaka mwisho, mbele ya darasa.”

“Nitawaachia kitabu. Msome wenyewe.”

“Mtani hapewi kamba akaambiwa ng’ombe yuko porini.”

“Nusu, basi. Wiki hii nusu, na Alhamisi niende zangu.”

“Zote.”

Akanitazama, koti na mimi ndani yake. “Babu zako,” akasema, “walikuwa hivihivi. Watu wabaya sana.” Kisha akalifungua boksi.

Alhamisi lori lilipiga honi sokoni, tukaisikia, na Mwalimu Shemboza akaingia darasani na kitabu mkononi. Mimi nilikuwa nimevaa koti juu ya sare. Sikulivua siku ile wala zilizofuata, maana mtani ambaye malipo yake hayajaisha havui. Mkuu wa Shule alipita dirishani akasimama. “Mwalimu, kwa nini huyu binti amevaa koti la mtu mzima?” Mwalimu akajibu bila kuinua macho, “Ni mtani wangu, Mkuu. Sijamaliza kumlipa.” Mkuu naye alikuwa wa kwetu. Akakohoa, akaenda kutafuta mtu mwingine wa kumkemea.

Tukasoma mwezi wa saba wote. Sijawahi kufundishwa vile tena, hata chuoni. Alisoma kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kuishi, anaonyesha chumba baada ya chumba. Alifika mahali ambapo mshairi anarudi mbele ya nyumba ya rafiki yake alfajiri, mji umelala, akaurudia ubeti ule mara mbili, akaendelea. Na aliponitania nilimrudishia. Aliniuliza kama koti limenifundisha hisabati, nikamwambia limeshindwa, lilizoea wanafunzi wenye vichwa vidogo kama cha mwalimu wa fasihi. Darasa likapiga madawati. Jioni ile niliandika: “Nimejibu. Hakuna aliyekufa.”

Lakini kadiri kurasa zilivyopungua, ndivyo nilivyoanza kuogopa. Shemeji yake mwenye lori alikuwa anapandisha kila Jumatano hadi getini, wanaongea, anashuka. Makubaliano yetu yalikuwa hadi mwisho wa shairi, wala si siku moja zaidi. Nilikuwa nimeyafunga mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikifikiria sasa, nilipaswa kudai mengi zaidi, lakini nilikuwa na miaka kumi na sita na nilidhani kumaliza ndiko kushinda. Nilihesabu sehemu zilizobaki, nikahesabu Alhamisi, na hesabu, kwa mara ya kwanza, ilinitoka sawa: sehemu ya mwisho ilikuwa inaangukia Jumatano.

Siku hiyo ukungu uliinuka mapema. Mwalimu akatueleza kwamba shairi lile refu la msiba linamalizikia kwenye harusi. Si ya dada aliyefiwa na mchumba. Ni ya dada mwingine, mdogo. Kengele zinapigwa, watu wanakula na kunywa, na mshairi, baada ya miaka ile yote, anamwangalia bibi harusi na anafurahi. Kila mtu akaongea kwa pamoja. Walipika nini? Dada mkubwa alikuwepo? Alivaa nini? Naomi alitaka kujua kama mchungaji ni yule baba yao. Mwalimu alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua akasema hayajui. Akasoma mistari ya mwisho polepole, kwa ile sauti nene, akafunga kitabu, akaja akakiweka juu ya dawati langu.

“Mtani,” akasema, “nimelipa?”

Sikuweza kusema hapana. “Umelipa.”

“Darasa ni mashahidi?”

Wakasema ni mashahidi. Niliinuka nikafungua vifungo kimoja kimoja, nikichelewesha kadiri inavyowezekana bila kuonekana, na nilipolitoa baridi ikaniingia kwenye mikono yote miwili. Akalipokea, akalikung’uta chaki, akalikunja vizuri, bitana nje, kama nguo inavyokunjwa kwa safari. Sote tisa tulikuwa tunaitazama mikono yake, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

“Jumamosi nalipeleka Bungu,” akasema. “Ana mdogo wake, litamtosha mabega.” Akaliweka kwapani, akafika mlangoni, akageuka. “Kesho kipindi cha pili tunaanza tamthilia. Hawa, utasoma sehemu ya mfalme. Kwa sauti, na bila kutupa mgongo.”